Wadudu Hawajafa, Wamelewa Tu

Saa mbili asubuhi, mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapiga kelele kama anayechinjwa, na hata hajaguswa. Muuguzi wa meno amekaa uso kwa uso na mama mtoto, magoti yamegusana. Kichwa cha mtoto kiko mapajani mwa muuguzi, miguu imebanwa na mama.

"Lia baba, lia. Ukilia ndiyo unanifungulia mlango," anamwambia.

Anakausha meno ya mbele kwa kitambaa safi, anachovya pamba kwenye ayodini, ile dawa ya kusafishia vidonda, anapaka na kupangusa iliyozidi. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha. Meno yanabaki na rangi ya chai kwa muda, ndiyo maana watoto wanamwita Bibi Kahawia.

Kabla ya kuanza kupaka dawa hii, kwa miaka kumi na moja, kazi yake ilikuwa kumshikia daktari watoto wanaong'olewa meno.

"Niliwashika mpaka nikachoka," anasema. "Mtoto ana miaka mitatu, mdomo wa mzee."

Mama wa leo ni fundi cherehani. Kifungua mimba wake aling'olewa meno manne ya mbele, wenzake wakambatiza Babu. Kwa huyu mdogo hakutaka mchezo. Alipoona alama nyeupe karibu na ufizi, alimleta mbio.

Siku hiyo Bibi Kahawia alimwambia alichokuwa akiwaambia wote: dawa hii inaua wadudu. Fundi akaenda zake ametulia, akamrudishia mtoto chupa ya maziwa ya sukari ya kulalia. Mswaki ukawekwa kando.

Miezi mitatu baadaye walirudi, alama moja imeanza kuchimbika, na muuguzi akauliza habari za mswaki.

"Si uliniambia wamekufa, dada?" fundi alimuuliza. "Sasa mswaki wa nini, wa kuwazika?"

Muuguzi anakiri kosa. "Roho iliniuma. Neno moja tu, tena langu mwenyewe."

Tangu hapo hasemi tena kuua. Dawa inapunguza vijidudu kwa muda, kisha vinaongezeka upya, hasa vikipata sukari. Kwa hiyo akatafuta neno lingine.

"Tunawalevya, mama. Ukimlaza na chupa ya sukari, wanazinduka, tena wana njaa."

Fundi alicheka, lakini chupa ilipanda juu ya kabati. Usiku ni maji matupu, na mswaki haukosi kabla ya kulala. "Alilia wiki nzima," anasema. "Baba yake akahamia sebuleni na mto wake."

Leo, kabla ya kupakwa dawa, ndiyo jibu linatoka. Muuguzi anawasha tochi na kukagua jino moja moja. Fundi anamkodolea macho.

"Jino lile halijachimbika zaidi," muuguzi anasema hatimaye. "Na hizi alama nyingine zinafifia."

Fundi anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mtoto naye, amechoka kuchunguzwa, anafunga mdomo ghafla juu ya kidole cha muuguzi.

"Ameniuma!" Bibi Kahawia anacheka huku akikipuliza. "Tena kwa meno ya mbele!"

Ataendelea kumpaka kila baada ya miezi mitatu. Akiulizwa anamtakia nini mtoto huyu, hafikiri mara mbili.

"Akifika miaka sita, aje anionyeshe pengo," anasema. "Lile analolipata kila mtoto, jino limeng'oka lenyewe kwa wakati wake. Hilo nitalipigia vigelegele."