Mdomo wa Kwenye Picha

Juzi nilikuwa kwenye duka la picha, mtaa wa Al Rigga, huku ughaibuni. Akaingia bibi mmoja wa Kiswidi kwenye kiti cha magurudumu, akisukumwa na dada Mkenya anayemtunza. Alitaka picha ya zamani ikuzwe: msichana amefungua mdomo, yuko katikati ya neno.

"Mama yangu," akamwambia dada kwa Kiingereza. "Aliigiza sinema moja, zile za kwanza zenye sauti. Alikufa akinizaa. Sinema yenyewe ilipotea, hakuna nakala popote."

"Kwa hiyo sauti yake hujawahi kuisikia, madam?"

Bibi akatikisa kichwa.

Dada akatoa simu. "Mama yangu mimi nilimzika mwaka jana kwa hii simu, natazama mazishi nimekaa jikoni kwako Al Warqa." Akabonyeza ujumbe wa sauti wa mama yake. "Umekula lakini? Usilale njaa huko kwa watu."

"Rudia," bibi akasema, na Kiswahili hajui hata neno.

Dada akarudia. Bibi hakuitazama simu. Alikuwa ameukazia macho ule mdomo kwenye picha.

Wanaotafuta sinema za zamani watasema ile haijapatikana, na ni kweli. Ilikuwa ya Kiswidi. Ila juzi, mama yule wa kwenye picha aliongea Kiswahili.