Chungwa Halikubali
Mama anayechora maegesho ya maduka hapa Mildura ana kidole gumba cheupe kwa chaki, na sauti isiyopanda hata akitukanwa. Kiwanja hukipima mara mbili kwa futi, kisha hutoa chungwa mfukoni na kuliweka chini. Likibingirika, hapo hachori nafasi ya mwenye kiti cha magurudumu. Carmelo, mwenye maduka, alitaka nafasi hiyo isukumwe mteremkoni ili mlangoni yatoshe magari mawili zaidi, na ramani ilikosa saini ya mama tu. Mama alipoliweka chungwa hapo, Carmelo akaliona likibingirika hadi chini ya gari lake.

“Acha michezo, mama! Kamteremko kadogo tu haka.”

“Chungwa limekataa kukaa, bosi. Mtu atakaaje?”

“Basi nitamtafuta mwingine asaini.”

Alidhani atabembelezwa. Mama akapiga magoti, akalivuta chungwa, akalifuta vumbi kwa lile gumba jeupe, akamtia mkononi.

“Mtafute. Ila kabla hajasaini, mwambie alitulize hili.”

Akaenda zake bila kuitoa kalamu. Carmelo akatazama huku na huku, akainama, akaliweka chini taratibu. Likabingirika.