Ziwa Yenye Haisikie Moto

Watu wa Kashuga wanapenda bongo, masemi ya uongo, kupita chakula. Mimi Béata, nilizaliwa mu hivi vilima, nikalima hapa mpaka vita ikatufukuza mu mashamba, tukaingia mu kambi. Nitasema yenye niliona na macho yangu. Mwenye hataki, akalale.

Kavuo alikuwa mujane, mama wa biashara toka Butembo. Mbele vita ikuwe kali, kansa ilimukamata ziwa ya kifua, ya kushoto. Kaka yake alimupeleka Kampala, wakaikata yote, halafu wakamutengenezea ingine. Vita ilipomuleta naye mu kambi yetu, aliniambia siku moja asubuhi tukifua nguo mutoni. Na mimi, mudomo wangu haufungi, nikauliza: "Sasa hii ingine walitoa wapi? Kwa muntu mwenye kufa?"

Alicheka mpaka sabuni ikamuponyoka. "Weye Béata! Si nyama ya muntu. Ni kifuko, wanaita protezi. Kwanza waliweka kifuko cha kutayarisha, chini ya musuli ya kifua. Wakawa wanakijaza maji ya chumvi polepole, ngozi ipate kutanuka. Kisha wakakitoa, wakaweka kile cha kukaa, cha silikoni. Na hicho nacho si cha milele. Daktari alisema siku ingine kitaomba kubadilishwa."

Akashika mukono wangu, akauweka pale. Ilikuwa laini, ya muviringo, nzuri kupita yangu, sidanganye. Lakini ilikuwa baridi, baridi ya jiwe ya mutoni. "Haisikie kitu," alisema. "Mishipa ya kusikia ilikatwa. Haiwezi kunyonyesha. Lakini nikivaa blauzi, najiona muntu muzima." Nilimupenda sana siku ile.

Shida ilianzia mafigani. Wanawake tulikuwa wengi, Kavuo anapuliza moto huku anatuchekesha. Kaa likaruka, likatua kwenye ziwa ya kushoto. Kitambaa kikatoboka, moshi ukapanda, harufu ya ngozi ikatufikia sisi wote. Kavuo akaendelea tu kusema, uso umetulia kabisa. Njo jirani yetu Blandine akapiga kelele: "Yesu wangu! Huyu mama upande mumoja alikwisha kufa!" Akakamata watoto wake, akakimbia.

Nilieleza mambo ya protezi mpaka nikachoka. Nani anasikiliza? Walianza kumupisha njiani. Hata mutoto wake Mumbere, kijana wa ndevu tayari, akawa anamuangalia mama yake pembeni-pembeni.

Halafu wapiganaji wa musitu wakapanda toka Walikale kutafuta vijana wa vita. Walikuja asubuhi, ukungu ungali chini, wakamufunga Mumbere kamba. Vijana wenye walipelekwa kule, hatukuona hata mumoja akirudi. Wale watu walijipaka dawa ya vita, na dawa ile ilikuwa na muiko: ukigusa maiti, risasi inakupata. Hiyo tulijua wote.

Kavuo alitoka mu hema, blauzi imefunguka. Hakulia. Alitembea polepole mpaka kwa mukubwa wao, akachukua mukono wake, akauweka kwenye ziwa. "Sikia vizuri," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nilikufa zamani. Huyu ni mutoto wa mufu. Haya, mumupeleke."

Vidole vya yule mwanaume vilibonyeza. Baridi. Akaona kidonda cha kaa, akakibonyeza kwa nguvu, na Kavuo hakukunja uso. Na Blandine, mujinga yule, akalia nyuma yetu: "Njo kweli! Moto haimuchome!" Mukubwa alinyofoa mukono, akausugua na majani, akausugua tena mpaka ngozi ikachubuka. Wakaacha kamba chini, wakapotelea mu ukungu.

Hakuna mwenye alipiga vigelegele. Mimi nilimukumbatia Kavuo, na nyuma ya kile kifuko nikasikia moyo wake unadunda vibaya. Mumbere alikuwa anatuangalia, anarudi nyuma kidogo kidogo.

Leo Mumbere iko Hombo, ana duka, ameoa bibi. Nimemueleza kifuko, nimemueleza mishipa, anaitika tu, "Ndiyo, Mama Béata." Lakini toka siku ile hajaweka mudomoni chakula cha mukono wa mama yake. Kavuo akimutumia sombe, majani ya muhogo, anagawia majirani. Mimi hasira ilinipanda, nikachukua kitenge nifunge safari nikamuzabe makofi.

Kavuo akanishika mukono. "Umuache, Béata. Akatae yangu. Lakini iko muzima, anakula."