Bunduki Ndani ya Mkeka wa Msiba

Mwenye duka aliniuliza mume wangu anapenda bunduki ya aina gani. Nikamwambia sina mume, na hata ningekuwa naye, anayekwenda kufukuza nyani ni mimi. Akacheka, akanitolea bunduki ya upepo ndefu yenye kitako cha mbao, nzito kama mchi wa kutwangia. Nikamrudishia. Nilitaka fupi na nyepesi, ninayoweza kupanda nayo mlima kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika panga, na ambayo ukifungua skrubu moja inakuwa vipande viwili vya kuingia kwenye begi la nguo. Alikuwa nayo moja tu, ameiweka nyuma kabisa ya kabati. Alisema wanaume hawaipendi, wanaiona kama ya kuchezea. Nikamwambia aifunge.

Kibali nilikuwa nacho, kimegongwa mhuri Kigoma baada ya kuzungushwa miezi. Kila afisa niliyemfikia alitaka kujua bwana shamba mwanamke anahitaji bunduki ya nini, hata ya upepo. Nilieleza mpaka mdomo ukanikauka. Kule Kagunga, mpakani na Burundi, kikundi cha kina mama kilikuwa na shamba la mihogo ya mbegu. Ilikuwa mihogo ya aina mpya, isiyoshikwa na batobato, ule ugonjwa uliokuwa umekunja majani ya mihogo mkoa mzima na kuacha mizizi myembamba kama vidole. Mvua za kwanza zikinyesha, miti ya mihogo ya shamba lile ndiyo ingekatwa vipande vya kupanda ikagawiwa kijiji kizima. Hakukuwa na mbegu nyingine. Na nyani walikuwa wanashuka mlimani kila siku, wanang'oa shina zima, wanauma mara mbili, wanatupa.

Kina mama walijaribu kupiga debe. Nyani wakalizoea debe, wakawa wanakaa kulisikiliza. Wapo watu kijijini walioanza kusema wezi ni wakimbizi, maana miaka ile kila kilichopotea kilikuwa kimeibwa na mkimbizi, hata kuku aliyeliwa na kicheche. Nilikwenda mwenyewe nikaokota mihogo iliyotupwa, nikawaonyesha alama za meno kwenye maganda. Nikawauliza kama kuna mkimbizi wanayemjua mwenye meno ya urefu ule. Maneno yale yalipungua. Niliagiza sumu idara ya kilimo nikaambiwa hairuhusiwi, na mimi mwenyewe sikuitaka. Bunduki ya upepo haimuui nyani. Inamchoma makalio, akakumbuka.

Niliileta kwa treni kutoka Dar es Salaam ikiwa sandukuni, na kila aliyeniuliza nilimwonyesha kibali, na safari ikaendelea. Shida ilianzia nyumbani kwetu Ujiji.

Mama yangu aliiona ile bunduki juu ya kitanda akafunga dirisha. Ni lazima nieleze kwa nini. Babu yake baba yangu alivuka ziwa kutoka Kongo kuja Ujiji enzi ambazo hakukuwa na mtu ufukweni wa kumuuliza karatasi. Baba yangu alizaliwa Ujiji, mimi nimezaliwa Ujiji. Lakini ilipofika miaka ya wakimbizi, boti zikija kutoka Burundi na kutoka ng'ambo zimejaa watu hadi ubavuni, sisi wenye asili ya Kongo tukaanza kuulizwa upya. Ukienda kupima kiwanja unaulizwa. Ukienda kumwandikisha mtoto shule unaulizwa. Wewe ni raia? Babu yako alizaliwa wapi? Mama alikuwa na bahasha ya vyeti aliyoiweka chini ya godoro, na alikuwa hodari wa kujibu. Alituambia tangu wadogo kwamba tukiulizwa tujibu kwa upole, yaishe. Mimi nilijibu kwa upole miaka mingi. Haikuisha.

Kibirizi, ambako boti za Kagunga zinaondokea, palikuwa na ukaguzi wa mizigo, na walichokuwa wanakitafuta hasa ni silaha. Mama akasema watu wa asili yetu hawapiti pale na bunduki, kibali au hakuna kibali. Akatoa mkeka wake wa msibani. Kwetu mwanamke akienda kulala matangani anachukua mkeka wake, ameukunja na kuufunga kwa kitambaa cha kanga, na mtu mwenye mkeka wa namna hiyo hapekuliwi. Kumpekua mfiwa ni aibu ambayo hata askari mkorofi hawezi kuibeba mbele ya watu. Vipande viwili vya bunduki yangu viliingia mle ndani bila kuchomoza hata kidole. Nilivyokuwa nimejisifu dukani kwa kuchagua fupi, nikaona akili yangu inanilipa.

Nilikubali, na mpaka leo najichukia kwa kukubali. Nilikuwa na haki mkononi, imeandikwa na kugongwa mhuri, halafu nikaikunja kama mwizi.

Asubuhi ya safari mchukuzi wa kwanza aliyenipokea begi pale Kibirizi akaniambia pole. Nikasema asante. Kina mama waliokuwa wanaanika dagaa wakainua vichwa, pole mwanangu, nikasema asante. Nilijiambia kwamba sijadanganya, mtu akikupa pole unaipokea. Mkaguzi, askari wa makamo mwenye daftari, alikuwa amemmwagia mtu gunia zima la nguo mchangani. Alipoufikia mkeka wangu aliinamisha kichwa akanipisha. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari majini.

Ndipo nikasikia mtu ananiita. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha Kagunga. Alikuja mjini siku tatu kabla kuuza mawese na sasa alikuwa anarudi kwa boti ileile. Alinitazama mimi, akautazama mkeka. Alikuwa amemwacha mama yake mzazi kitandani, anaumwa, na mimi sikuwa na ndugu hata mmoja Kagunga wa kufa. Nilimwona akipiga hesabu hiyo usoni.

"Ni mama?" akaniuliza.

Nikaubana mkeka kifuani. Akakaa chini mchangani, akaweka mikono kichwani na kuanza kulia, akimwita mama yake kwa Kiha, na wanawake wa Kagunga waliokuwa wameshapanda boti wakaanza kushuka wamfuate wakilia naye. Mama mmoja alivua kanga yake amfunike. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani. Nilikuwa nimemuua mama wa mtu kwa mkeka.

Nikaufungua. Sikujishauri. Nilifungua kile kitambaa, nikautandaza mkeka pale pale mbele yake na mbele ya mkaguzi, bunduki ikalala katikati, mtutu huku na kitako kule, pamoja na kopo la vijirisasi.

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Mama yako hajafa. Nimebeba bunduki ya nyani, nikaificha. Nisamehe."

Kilio kilikatika. Watu wakarudi nyuma, mduara ukapanuka mpaka tukabaki mimi, mwenyekiti na askari. Mwenyekiti alisimama, akajipangusa mchanga, akanitazama kwa namna ambayo ningeona heri anipige kofi. Halafu akapanda boti.

Mkaguzi alisoma kibali changu mara mbili. Kilikuwa sawa, na nadhani kuwa sawa kwake ndiko kulikomuudhi.

"Kama una kibali, umeificha kwa nini?"

"Kwa sababu ya swali unalotaka kuniuliza sasa hivi."

"Swali gani?"

"Kama mimi ni raia."

Kuna mtu alicheka huko nyuma kwenye dagaa. Mkaguzi akakunja uso, kisha akaniuliza kweli. Nikamwambia nimezaliwa Ujiji, kibali kinasema hivyo, na asingegonga mhuri mtu ambaye hakuridhika. Akataka kujua babu yangu alizaliwa wapi. Nikamwambia sitamjibu. Niliyasikia maneno hayo yakinitoka, na nilikuwa nimepandwa na hasira kiasi kwamba hata ningetaka kunyamaza nisingeweza. Nikamwambia kibali kile hakina mahali pa babu.

Akasema bunduki inabaki. Nikamwambia basi na mimi nabaki, twende pamoja kituoni mjini. Alinyoosha mkono avichukue vile vipande, nikamwomba kwa adabu asubiri. Nikampa kopo la vijirisasi, maana bunduki bila risasi ni fimbo tu. Kisha nikachuchumaa nikaunganisha mtutu na kitako, nikakaza ile skrubu kwa ukucha mpaka ukakatika, nikaivaa begani. Kama ni kupelekwa kituoni, nipelekwe na bunduki nzima ambayo kila mtu anaiona. Boti iliwasha injini tukiwa bado tunapanda kutoka ufukweni. Sikugeuka kuitazama. Mihogo ile ilikuwa inaliwa na mimi nilikuwa naelekea upande mwingine.

Tulitembea hadi mjini, yeye nyuma na mimi mbele, na watu wakatoka kwenye vibanda kutazama. Jua lilikuwa kali. Katikati ya njia aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba naweza kuishusha begani akaibeba yeye. Nilimwambia sijachoka.

Mkuu wa kituo alikuwa mgeni, amehamishiwa Kigoma kutoka mkoa wa mbali, mtu mpole wa maneno. Aliniketisha. Akaeleza kwamba hana ugomvi na bunduki, ila kwa hali ilivyo, watu wa asili yangu, na kadhalika. Alihitaji mzazi aje athibitishe. Wakati huo habari ilikuwa imeshafika Ujiji kabla ya mjumbe wake, kwa njia ya wauza dagaa, na ilikuwa imekua njiani. Mama aliambiwa nimekamatwa na bunduki ya kivita.

Aliingia akihema, amevaa kanga mbili tofauti kwa haraka. Nilitafuta bahasha mikononi mwake. Hakuwa nayo. Nikajua nimemponza, na nikajua pia kwamba sasa ataanza kujibu kwa upole, na mimi nitakaa pale nimsikilize.

Mkuu wa kituo alimwamkia shikamoo, akampa kiti. Akamuuliza kama mimi ni mwanawe. Mama akasema ndiyo. Akamuuliza babu yake marehemu mumewe alitoka wapi.

Mama alinitazama, akaitazama bunduki iliyolala mezani. Akarekebisha kanga.

"Mwanangu," akamwambia yule mkubwa, "swali hilo nimemjibu kila aliyekalia kiti hicho kabla yako. Nimejibu nikiwa mjamzito wa huyu. Nimejibu nikiwa kwenye eda ya baba yake. Majibu yangu mmeyaweka wapi?"

Hakupandisha sauti. Askari mkaguzi aliyesimama mlangoni alitazama chini. Mkuu wa kituo alishika kalamu, akaiweka, akaangalia kabati la mafaili lililokuwa nyuma yake, kisha akamtazama mama yangu. Mimi nililia. Sikulia barabarani wala ufukweni, nilikuja kulia pale, kwa sababu nilidhani ninamjua mama yangu.

Mkuu wa kituo aliandika barua ya kusafirisha bunduki, akaigonga mhuri, akanirudishia vijirisasi na kuniomba niwapelekee nyani salamu. Mama hakucheka. Tulirudi Ujiji kwa miguu sehemu ya kwanza ya njia, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe hakuniambia niwe mpole.

Siku nne baadaye boti iliyofuata ilinifikisha Kagunga. Nilisimama na bunduki begani safari nzima. Nyani walikuwa wamemaliza mistari tisa ya mihogo, na iliyobaki ilitosha kugawia nyumba zote kama tungewahi. Tuliwahi. Siku mbili za kwanza nilipiga makalio kadhaa, na siku ya tatu wakawa wanakaa juu kabisa ya mlima, wanatutukana kwa mbali.

Mwenyekiti alifanya kazi na mimi siku zote hizo bila kunisemesha. Jioni ya siku ya tatu akaja akasema mama yake ananiita, na nije na bunduki. Niliifuata njia ya kwao nikijua ninakwenda kusemwa, na nikiona ni haki yangu kusemwa.

Bibi alikuwa ameketishwa mlangoni, amekonda, macho yanameremeta. Nilimpigia magoti nikamwamkia, nikaanza kuomba radhi. Akanikata kauli.

"Yilete hapa," akasema. "Niyione bunduki iliyoniua."

Nikamwekea mapajani. Aliipapasa kuanzia kitakoni hadi mdomo wa mtutu, akalichungulia tundu lake, akashangaa kwamba ni ndogo vile. Binti yake alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamtikisika, na sikujua kama ni kicheko au bado ni kile kilio cha Kibirizi.

"Basi mwambie huyo askari wako mimi sifi," akasema bibi, akinirudishia. "Sifi mpaka niyile mihogo yiyo."

Aliila misimu miwili.