Upande wa kwa Kahongya

Mtu wa redio wa uwanja wa ndege wa Rughenda hupangusa kipaza sauti kwa leso kabla ya kusema, husalimia kabla ya kutaja upepo, na huonyesha kila kitu kwa kidole, kana kwamba rubani ameketi naye chumbani. Marubani wa siku zote wamemzoea. Asubuhi moja alikuja rubani mgeni, mtu wa Kinshasa, na ng'ombe watatu walikuwa wamelala mwisho wa piste, njia ya kutulia ndege, wamekataa kuamka. "Commandant, hapana shukia upande wa kwa Kahongya. Kuko ng'ombe." "Kahongya ni nani?" Mtu wa redio alimhurumia. Mtu mzima, amekabidhiwa ndege nzima, na hamjui Kahongya. "Ule wa kuuzisha mbao," akaeleza taratibu. "Bwana ya mama Kanyere." "Mais, ni kaskazini ao kusini? Niko na mafuta ya dakika kumi." "Commandant, ni kule," akajibu, akanyoosha mkono dirishani, akangoja atazame.

Ndege ilipozunguka mara ya tatu, mtu wa redio alivua shati lake la kazi, akakimbia na redio ya mkononi hadi katikati ya ng'ombe, akalipunga. "Unaona mutu anapunga shati?" "Ninamuona." "Basi hapa kwangu, hapana." Ndege ilitua kwa upande mwingine, ikasimama hatua hamsini mbele yake. Alivaa shati, akafunga vifungo vyote, akamshika rubani mkono kwa upole na kumvusha barabara hadi penye mbao za kuuzwa, kwa mwenyewe. "Kahongya," alisema, "nimekuletea mutu moja hakujui."