Ndoo Moja ya Darasa Zima

Kwetu Newala mtoto akiharibu shuleni, anayeitwa ni mjomba. Nikaitwa mimi, msomi wa chuo kikuu, nikaenda na koti langu la harusini kwenye jua kali, kwa sababu mpwa wangu wa kidato cha nne alikuwa amepata sifuri katika praktikali ya kemia.

Siku ya mtihani huo wa majaribio tangi la shule lilikuwa kavu, kama kawaida. Kila mwanafunzi alikuja na dumu lake, maji yakamiminwa kwenye ndoo moja, na darasa zima likasuuzia vyombo humo humo. Vyombo vya tindikali! Vipimo vya mpwa wangu vikawa vinashuka kila akirudia. Muda unayoyoma, akaandika alichokiona, na chini yake akaeleza: maji ya kusuuzia yameingia tindikali, ndiyo maana vipimo vinashuka. Nimesahihisha kazi za watu miaka mingi. Ripoti safi kama ile nimeziona chache, na yangu haimo.

"Shikamoo, mzee," mwalimu alinipokea.

"Marahaba. Huyu kakosea wapi?"

"Vipimo havilingani. Wenzake wote wamepata namba ile ile."

"Wote? Kwa ndoo ile?"

"Mzee, muda wenyewe mfupi. Mwenye akili anaanza na jibu, halafu anarudi nyuma."

Hotuba niliyoipanga njia nzima ikaanza na "kwanza kabisa", kama ya mshenga, ikafia hapo. Mwalimu akasogeza karatasi mpya mbele ya mpwa wangu: akiandika upya jedwali, na habari za ndoo akaziacha, ataingia kambi ya kujiandaa na mtihani wa taifa. Asipoandika, vyombo vya maabara hatavigusa tena mpaka siku ya mtihani wenyewe.

"Usiandike," nikamwambia.

"Mjomba, wewe ulishamaliza shule."

Akachukua kalamu. Namba zikajipanga kwenye jedwali zimenyooka kama askari wa gwaride. Mwalimu akatia vema, vema, vema, kisha akanipa mkono. Nikaupokea.

Njiani mpwa wangu alibeba dumu lake tupu, akilipigapiga pajani.

"Kumbe hata maji hayahitajiki, mjomba," akasema. "Tungeambiwa mapema, nisingelibeba."

Hakuwa anatania. Nilisimama pale barabarani na koti langu, nikatamani kurudi niipige teke ile ndoo.