Moto Katikati ya Soko

Mimi ndiye ninayefundisha wanafunzi wa chuo kikuu hapa Uvira kuchora majengo pamoja na watu watakaoyatumia. Kelele zangu ni zile zile: "Mikono mufukoni! Muache wenyewe wapange."

Juzi tulienda Runingu, kule bondeni kwenye joto, ili wamama wafinyange mfano wa soko lao kwa udongo. Nikachuchumaa nao. Nilikuwa nauliza tu: "Mukishusha paa kidogo?" Wakalishusha, kwa heshima. "Na mulango ukuwe mudogo?" Wakauziba nusu. Kisha mkono wangu mwenyewe ukaokota mawe matatu, ukayapanga katikati, ukayazungushia viti vya udongo. Moyo wangu ukatulia, kama mtu aliyefika.

Wanafunzi walinitazama, mikono mifukoni. Jua lilituchoma.

Mama Neema, muuza mihogo, akajipangusa jasho. "Mwalimu, huu moto ni wa nini mu soko?"

"Wa kuota," nikajibu kabla sijafikiri.

Wanafunzi wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Basi weye iko muntu wa Lemera, kule juu ku baridi," akasema polepole. "Hii umejenga ni nyumba ya mama yako. Ni tangu lini haujaenda kumuona?"